Usipoziba Ufa: Hotuba Juu ya Mifupa ya Wazee Wetu na Tiba Yake

(Ilisomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na imechapishwa hapa kwa ombi la Halmashauri ya Chama)



 Nimeombwa niseme juu ya ugonjwa ambao hautajwi sana katika mikutano yetu, kwa kuwa hauna homa, hauna kikohozi, wala haumlazi mtu kitandani mpaka siku moja ghafula. Ugonjwa huo ni kudhoofika kwa mifupa ya wazee.

Tumemsikia Bwana Mweka Hazina akisoma hesabu za mwaka. Ametaja fedha zilizotoka kwa ajili ya mazishi, na fedha zilizotoka kwa ajili ya wanachama waliolazwa hospitali. Kila mmoja wetu anayajua majina yaliyo nyuma ya hesabu hizo, na anajua kwamba baadhi yao ni wazee walioanguka nyumbani wakavunjika. Tuliwachangia kwa moyo mkunjufu, kama ulivyo wajibu wetu. Lakini napenda tujiulize swali moja: je, tulifika kwa wakati, au tulifika wakati ulipokwisha kupita?

Nitaanza kwa habari ya nyumbani kwangu, maana si vema kunyoshea wengine kidole. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi. Mwaka 2014 marehemu mama yangu, aliyekuwa na umri wa miaka 68, aliteleza mlangoni juu ya maji yaliyomwagika. Hakuanguka kwa kishindo. Alijikinga kwa mkono, na mkono ukavunjika karibu na kiganja. Alipelekwa hospitali, akapigwa eksirei, akafungwa plasta, akapewa dawa ya maumivu. Baada ya wiki 6 plasta ikaondolewa, mfupa ukawa umeunga, nasi tukachinja kuku na kumshukuru Mungu. Hakuna aliyeuliza kwa nini mfupa wa mtu uvunjike kwa anguko dogo kama lile. Waliomtibu hawakuuliza, na mimi mwanawe, niijuaye kazi hiyo, sikuuliza.

Mwaka 2017 alikuwa akinyosha mkono kuchukua sufuria, akapepesuka, akaanguka ubavu. Safari hii ilikuwa nyonga. Alipasuliwa na mfupa ukaungwa kwa chuma, lakini hakutembea tena pasipo kushikwa, na bustani yake ya mboga ikamea magugu. Tulimzika mwaka uliofuata.

Sisemi haya ili niwatie huzuni, wala ili nimlaumu mtu. Nayasema kwa sababu kati ya anguko la kwanza na la pili ilipita miaka 3, na katika miaka hiyo yote dawa ilikuwapo.

MFUPA NI KITU HAI

Watu wengi hudhani kwamba mfupa ni kama jiwe, yaani kitu kikavu kisicho na uhai. Sivyo. Ndani ya mfupa mna chembe za namna mbili: ziko zinazobomoa mfupa uliochakaa, na ziko zinazojenga mfupa mpya mahali pake. Kazi hiyo haikomi usiku wala mchana. Katika ujana wajenzi huwashinda wabomoaji, na mtu anapofika umri wa kadiri ya miaka 30 mifupa yake huwa imefikia uimara wake wote. Baadaye wabomoaji huanza kuwashinda wajenzi kidogo kidogo. Kwa mwanamke jambo hili huenda kasi zaidi baada ya kukoma hedhi, kwa kuwa homoni ya estrojeni, ambayo ilikuwa ikiwazuia wabomoaji, hupungua mwilini. Wanaume nao hupata, ila kwa kawaida huchelewa.

Ninyi mliojenga nyumba za miti mmeona nguzo iliyoliwa na mchwa. Kwa nje ni nguzo ile ile, na gome lake ni lile lile. Lakini ndani imekuwa matundu matupu, na siku mtu anapoiegemea kidogo tu, hukatika. Hivyo ndivyo ulivyo mfupa wa mgonjwa wa osteoporosisi, kama madaktari wauitavyo.

Zamani ilidhaniwa kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu, na kwamba Mwafrika hausikii. Ni kweli kwamba huko Marekani watu wa asili ya Kiafrika huvunjika nyonga kwa uchache kuliko Wazungu. Lakini uchache si ukosefu. Tena watu wetu sasa wanaishi hata kufikia umri wa miaka 70 na 80, umri ambao ugonjwa huu hujionyesha. Tusijifariji kwa maneno ya kale.

DALILI ZAKE

Ugonjwa huu hauumi mpaka mfupa uvunjike, na mifupa ivunjikayo zaidi ni ya mahali patatu: mkono karibu na kiganja, pingili za uti wa mgongo, na nyonga. Pingili za mgongo zaweza kuvunjika hata pasipo kuanguka; mama ameinua debe la maji, akasikia mgongo umechoma, akapakwa dawa ya kuchua, na jambo likaishia hapo. Baada ya miaka michache twaona amepinda na amekuwa mfupi. Mzee ambaye kanzu yake ilikuwa ikimfika kwenye vifundo vya miguu, sasa yaburuta chini, nasi twasema, "Ni uzee tu." Mabwana, si uzee tu. Huenda pingili zimebonyea moja baada ya moja.

Walio katika hatari zaidi ni waliokwisha kuvunjika mara moja kwa anguko dogo. Wanawake waliokoma hedhi mapema. Watu waliokonda sana. Wavutao tumbako na wanywao pombe nyingi. Walio na mzazi aliyevunjika nyonga. Na wale waliotumia dawa ya prednisoloni kwa miezi mingi kwa ajili ya pumu au maradhi ya viungo. Huyo wa mwisho asiache dawa yake kwa kunisikia mimi. Na amwulize daktari wake juu ya mifupa.

Kipo kipimo maalumu cha eksirei, kiitwacho DEXA, ambacho hupima uzito wa madini ya mfupa. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango: alama ya 2.5 au zaidi chini ya wastani wa kijana mwenye afya ndiyo osteoporosisi. Mashine hizo hapa Kenya ziko zaidi katika hospitali za mijini, na gharama yake si ndogo. Lakini kukosa mashine kusiwe kizuizi. Mzee aliyevunjika nyonga au pingili ya mgongo kwa anguko dogo, daktari aweza kumwanzishia tiba hata pasipo kipimo hicho. La lazima ni kwamba kwanza achunguzwe damu na figo, na ihakikishwe kwamba uharibifu wa mfupa hautokani na kifua kikuu cha mgongo, au saratani, au ugonjwa mwingine.

DAWA

Dawa itumikayo zaidi huitwa alendroneti. Kazi yake ni kuwazuia wale wabomoaji, ili wajenzi wapate nafasi. Kwa kawaida mgonjwa humeza kidonge kimoja cha miligramu 70 mara moja tu kwa wiki. Mwaka 1996 madaktari wa Marekani walitoa habari za wanawake 2,027 ambao pingili zao zilikuwa zimekwisha kuvunjika. Baada ya kadiri ya miaka 3, waliovunjika nyonga miongoni mwa waliomeza alendroneti walikuwa kama nusu ya wale waliomeza kidonge kisicho na dawa. Tangu wakati huo viwanda vingi vimeruhusiwa kuitengeneza, na bei yake imeshuka sana. Basi mwendapo dukani ulizeni kwa jina la dawa yenyewe, wala si kwa jina la kiwanda.

Lakini dawa hii ina masharti, na asiyeyafuata hupata hasara badala ya faida. Imezwe asubuhi mapema kabla ya kula chochote. Imezwe kwa gilasi nzima ya maji matupu, wala si kwa chai, wala maziwa, wala maji ya matunda, kwa kuwa hivyo vyote huizuia isiingie mwilini. Baada ya kuimeza, mtu akae wima au asimame, asilale wala asile, kwa muda wa nusu saa. Akilala, kidonge chaweza kunasa katika umio na kukichoma. Chagueni siku moja ya juma, kama Jumapili kabla ya kwenda kanisani, au Ijumaa asubuhi, na siku hiyo isibadilike.

Asiyeweza kukaa wima, au mwenye ugonjwa wa umio, aweza kupewa asidi ya zoledroniki, ambayo hutiwa katika mshipa kwa dripu mara moja tu kwa mwaka, miligramu 5. Mwaka 2007 zilichapishwa habari za wagonjwa zaidi ya 2,100, wanaume kwa wanawake, waliotibiwa nyonga zilizovunjika na kisha wakagawanywa: wengine walitiwa dawa hiyo ndani ya siku 90 baada ya kupasuliwa, wengine hawakutiwa. Waliopewa dawa walivunjika upya kwa upungufu wa asilimia 35, na vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 28. Bwana Mwenyekiti, naomba maneno hayo yatiwe moyoni. Hata baada ya nyonga kuvunjika, mlango haujafungwa.

Iko pia sindano ya denosumabu, ichomwayo chini ya ngozi kila baada ya miezi 6. Ni dawa nzuri, lakini mtu asiianze kama hana hakika ya kuipata tena. Ikikatizwa ghafula pasipo dawa nyingine kushika mahali pake, mifupa hudhoofika upesi, na pingili zaweza kuvunjika kadhaa kwa pamoja.

Haitakuwa haki nisipotaja madhara. Wengine hupata kiungulia. Wengine, baada ya dripu ya kwanza, huumwa na mwili na kupata homa kwa siku mbili tatu. Walio na figo zilizodhoofika sana hawapewi alendroneti wala zoledroniki. Kwa nadra sana mfupa wa taya hukosa kupona baada ya kung'olewa jino, kwa hiyo yafaa meno yatazamwe kabla ya kuanza. Kwa nadra vilevile, waliotumia dawa miaka mingi huvunjika mfupa wa paja kwa namna isiyo ya kawaida. Basi maumivu mapya ya paja yasipuuzwe. Kwa sababu hizi daktari huitazama tiba upya, kwa kawaida baada ya miaka 5 ya vidonge au miaka 3 ya dripu, na wengine hupumzishwa. Lakini kwa mzee aliyekwisha kuvunjika, hatari ya kuvunjika tena ni kubwa kuliko hatari hizo.

Jambo la mwisho juu ya dawa ni hili. Haitulizi maumivu, wala haimwongezei mtu nguvu anazoweza kuzihisi. Kwa hiyo wengi huiacha baada ya miezi michache wakisema, "Sioni kazi yake." Kazi yake ni mfupa ambao haukuvunjika, na jambo lisilotokea halionekani kwa macho.

VITAMINI D NA CHAKULA

Nawajua wengi watakaosema, "Haya yote ya nini? Mzee apewe vitamini, yatosha." Hapa panahitaji maelezo.

Vitamini D humsaidia mtu kuipokea kalsiamu iliyo katika chakula. Pasipo hiyo, kalsiamu hupita tumboni na kwenda zake, na mwili hulazimika kuichota mifupani. Ngozi yetu huitengeneza inapopigwa na jua. Kwa sababu hiyo twadhani kwamba katika nchi ya jua kama yetu hakuna awezaye kuikosa. Lakini ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe; ngozi ya mzee hutengeneza kidogo kuliko ya kijana; na jua lipitalo katika kioo cha dirisha halifai kitu kwa kazi hii. Mzee ashindaye ndani kwa kuwa miguu haimchukui, au mama ambaye mwili wake wote husitiriwa kila atokapo, aweza kuikosa hata akiishi Mombasa.

Mwaka 1992 huko Ufaransa, wanawake wazee 3,270 walioishi katika nyumba za kutunzia wazee walitafitiwa. Waliopewa kila siku kalsiamu miligramu 1,200 na vitamini D yuniti 800 walivunjika nyonga kwa upungufu wa asilimia 43 katika muda wa miezi 18. Hao walikuwa watu waliokosa vitu hivyo viwili. Lakini mwaka 2022 huko Marekani zilitolewa habari za watu 25,871, wengi wao wenye afya, wasioteuliwa kwa kukosa vitamini wala kwa udhaifu wa mifupa. Nusu yao walipewa yuniti 2,000 kila siku, na hawakuvunjika kwa uchache kuliko wenzao. Na mwaka 2010 huko Australia, wanawake wazee waliopewa yuniti 500,000 kwa mara moja kila mwaka walianguka na kuvunjika zaidi kuliko wasiopewa.

Twajifunza nini? Twajifunza kwamba vitamini D humsaidia yule aliyeikosa. Kwamba kipimo cha kiasi cha kila siku ndicho kifaacho, wala si kuimiminia mwilini yote kwa siku moja. Na kwamba mgonjwa wa osteoporosisi haponyeshwi kwa vitamini peke yake. Vitamini na kalsiamu ni mchanga na saruji. Dawa ndiyo imzuiayo mbomoaji. Vyote vyahitajiwa pamoja. Kwa hakika mtu aliyepungukiwa vitamini D yapasa atengenezwe kwanza kabla ya kutiwa zoledroniki, la sivyo kalsiamu ya damu yake yaweza kushuka kwa hatari. Na kidonge cha kalsiamu kisimezwe wakati mmoja na alendroneti, kingoje chakula.

Kalsiamu yenyewe si lazima itoke dukani. Mzee huhitaji kadiri ya miligramu 1,200 kwa siku. Kikombe cha maziwa, mabichi au ya mgando, kina karibu miligramu 300. Gramu 100 za unga wa wimbi zina zaidi ya 300. Omena na dagaa waliwao na mifupa yao wana nyingi, na sukuma wiki inayo pia. Basi kabla hatujanunua kopo la rangi, na tuulize kama mzee wetu anapata uji wa wimbi wenye maziwa.

NYUMBA AISHIMO

Mfupa dhaifu hauvunjiki asipoanguka mwenye nao. Tazameni nyumba za wazee wetu: mkeka uliokunjamana, kizingiti kirefu, njia ya choo isiyo na taa, kandambili zilizokwisha nyayo. Wengine huanguka kwa sababu ya mtoto wa jicho, ambaye aweza kuondolewa. Wengine huanguka kwa kizunguzungu cha dawa za usingizi au za shinikizo la damu. Mzee na atembee kila siku, na ajizoeze kuinuka kitini pasipo kujishika, maana miguu yenye nguvu ni kinga nusu.

WAJIBU WA CHAMA

Sasa nafikia neno nililolijia. Kanuni za Chama chetu zatoa fedha kwa mwanachama akilazwa, na zatoa fedha akifa. Hazitoi chochote kwa mzee aliye nyumbani ambaye mkono wake umeunga na plasta imeondolewa. Kwa macho yetu huyo amepona, na kumbe huyo ndiye ambaye fedha kidogo zingemfaa kuliko wote. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa miaka mingi Chama hiki kimekuwa kikijenga kuta.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu, nami naiomba Halmashauri iyajadili.

La kwanza, kila mwanachama au mzazi wa mwanachama aliyepita miaka 50, akivunjika mfupa kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, mjumbe mmoja aende naye hospitali baada ya plasta kuondolewa, na amwulize daktari swali hili moja: "Je, mifupa yake ni dhaifu, na ahitaji dawa?"

La pili, Mfuko wa Chama uruhusiwe kusaidia bei ya alendroneti na vitamini D kwa wasioweza, kwa cheti cha daktari, na mjumbe atunze daftari la kuonyesha kwamba dawa haikukatizwa.

La tatu, vijana wetu, badala ya kungoja kuchimba kaburi, wapewe zamu ya kuzitembelea nyumba za wazee: wapunguze vizingiti, waweke taa, wafunge mti wa kushikia chooni. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji nyundo na siku moja ya Jumamosi.

Watakuwapo watakaosema kwamba Mfuko ni mdogo. Nami najua kuwa ni mdogo. Ndiyo sababu nataka utumike mapema. Kidonge cha kila wiki chaweza kuonekana ghali kwa anayekilipia, mpaka akilinganishe na chuma cha nyonga, na kitanda cha hospitali, na binti aliyeacha biashara yake ili amwoshe mama yake.

Bwana Mwenyekiti, mama yangu hawezi kurudishwa kwa hotuba. Lakini katika ukumbi huu leo yuko mama, au yuko baba, ambaye mkono wake ulivunjika mwaka jana au mwaka juzi, naye anatusikiliza akidhani kwamba mambo yale yamekwisha. Kwake yeye nasema: Mzee wangu, hayajakwisha, na wakati ungalipo. Nenda ukaulize. Na ukiogopa kwenda peke yako, mimi nitakwenda nawe.